Utando wa Buibui Katika Rangi ya Gari

Miongoni mwa barua zilizonifikia juma hili imo moja ya mama aishiye katika nyumba za askari, mashariki mwa nchi. Mumewe ni sajini. Alikuwa mmoja wa wanajeshi wa Uganda waliotumwa Somalia, kazi ambayo jeshi letu liliianza mwezi Machi 2007, na akiba aliyorudi nayo ndiyo iliyonunua gari lao. Ni gari dogo la buluu iliyoiva, lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa huku. Sasa sajini amehamishiwa kituo cha mbali, na gari limebaki chini ya uangalizi wa mkewe, ambaye hulitumia kuwapeleka watoto shule na kubebea bidhaa za duka lake.

Shida yake ni hii. Gari lilipofika lilikuwa likimeremeta hata mtu aliweza kujitazama uso katika mlango. Leo, likiwa kivulini, bado lapendeza. Lakini likitoka juani, boneti nzima huonekana imejaa mikwaruzo myembamba iliyojipanga duara kwa duara kulizunguka jua, mfano wa utando wa buibui. Mwenye gereji mmoja amemwambia kwamba rangi "imekufa" na sharti gari lote lipuliziwe upya, na bei aliyoitaja yalingana na karo ya muhula mzima ya watoto wawili. Kijana wa mahali pa kuoshea magari naye amemwambia kwamba ataiondoa mikwaruzo yote kwa saa moja, kwa mashine, na kwa bei ya kirafiki. "Mwalimu," aniuliza mama huyu, "nimsadiki yupi? Baba watoto atarudi likizo mwezi ujao, nami sitaki akute gari limezeeka mikononi mwangu."

Kabla hujafungua mkoba, mama, chukua kikombe cha maji safi. Mwagia maji kidogo mahali penye utando, utazame. Ikiwa mikwaruzo itapotea wakati pamelowa, kisha ikarudi paonapo kukauka, jua kwamba jeraha limo katika safu ya juu tu. Maji yamejaza vijifereji vile, mwanga ukapita bila kukwama. Halafu pitisha ukucha kwa kuukata mkwaruzo, taratibu. Ukucha ukiteleza kana kwamba hakuna kitu, mkwaruzo huo waweza kuondolewa kwa kusugua. Ukucha ukinasa, kusugua kutaupunguza makali lakini hakutaumaliza. Na pakionekana weupe au kijivu cha rangi ya chini, au bati lenyewe, basi hapo pahitaji kupakwa rangi, tena hapo tu, si gari zima.

Iko hali moja ambayo mwenye gereji huwa na haki. Ni pale ambapo safu ya juu imeanza kubanduka kwa mabaka, mfano wa ngozi ya nyoka anayejivua, aghalabu juu ya paa na juu ya boneti, kwa sababu ya kuchomwa na jua miaka mingi. Pale hapana polishi wala nta iwezayo kusaidia. Lakini mama huyu hakutaja mabaka. Ametaja utando uonekanao juani na kutoonekana kivulini, na dalili hiyo ni ya mikwaruzo midogo sana. Maji na ukucha vitamhakikishia.

Sasa tutazame jambo lenyewe, maana asiyejua rangi ya gari imejengwaje hawezi kujua ni kiasi gani aruhusiwe kuisugua. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na 1990 hayana rangi moja tu juu ya bati. Kwanza kuna rangi ya msingi izuiayo kutu. Juu yake kuna rangi yenyewe, iwe buluu, iwe nyekundu. Na juu kabisa kuna vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo ndiyo ing'aayo na ndiyo iikingayo rangi na jua na mvua. Safu zote hizi zikijumlishwa, unene wake mara nyingi ni kati ya maikroni 100 na 150. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi moja ya ofisini, hii tuandikiayo barua za serikali, ina unene wa maikroni 100 hivi. Vanishi peke yake ni maikroni 40 au 50, yaani haizidi nusu ya unene wa karatasi. Utajiri wote wa mng'ao wa gari lako umo katika nusu hiyo ya karatasi, na kila asuguaye hupunguza kidogo. Haiongezeki tena mpaka gari lipuliziwe upya.

Kwa nini mikwaruzo ionekane duara? Watu wengi husema ni kwa sababu muoshaji alizungusha mkono. Si hivyo hasa. Chukua sufuria ya alumini iliyosuguliwa kwa majivu miaka mingi, uigeuze kitako juu, uishike chini ya taa. Utaona duara za mwanga zimeizunguka taa. Isogeze sufuria, na duara nazo zitasogea kuifuata taa. Mikwaruzo ya sufuria haikuhama. Imetapakaa pande zote ovyo, lakini jicho huona ile tu iliyolala kwa kuikata njia ya mwanga, na hiyo ndiyo ijipangayo kuizunguka taa. Boneti ya gari ni hivyo hivyo. Wakati fulani nilifundisha jambo hili darasani kwa sufuria ya jikoni na mshumaa, na wanafunzi walilishika upesi kuliko walivyoshika michoro yangu ubaoni.

Na ni nini kinachokwaruza? Ni vumbi letu. Katika vumbi la barabara zetu za murami, pamoja na udongo mwekundu ulio laini, zimo punje za mchanga wa kwatsi. Mwaka 1812 mtaalamu aitwaye Friedrich Mohs alipanga mawe kwa ugumu, kutoka 1 hata 10. Katika mpango huo kwatsi ni 7, na kisu cha chuma cha kawaida ni kama 5 na nusu. Kwa hiyo punje moja ya mchanga ni ngumu kuliko kisu cha jikoni. Mtoto apewapo kitambaa kikavu asubuhi na kuambiwa, "Mpanguse baba vumbi garini," ni kana kwamba amepewa msasa. Gari jeusi au la buluu iliyoiva litaonyesha kosa hilo baada ya majuma machache. Jeupe litalificha, ingawa limeumizwa vile vile.

Ndiyo maana nasema kwamba kazi kubwa si ya polishi, ni ya kuosha. Mama akiondoa utando leo na Jumamosi ijayo gari likaoshwa kwa mtindo wa zamani, utando utarudi kabla sajini hajafika. Mtindo wa zamani twaujua: ndoo moja, sabuni ya unga ile ile ya nguo, kipande cha gunia au sifongo kilichoanguka chini mara mbili na kuokotwa, na maji yanayozidi kuwa mekundu hadi mwisho wa kazi. Kufikia mlango wa nyuma, muoshaji anapaka tope la mchanga.

Fanya hivi. Weka gari kivulini, asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, na usiguse kitu kabla hujalimwagia maji mengi kutoka juu hadi chini, ili vumbi liondoke lenyewe. Pasipo na mpira wa maji, kopo la kumwagilia bustani latosha, au jerikeni lililotobolewa matundu kizibo. Kisha uwe na ndoo mbili. Moja ina maji yenye sabuni laini ya kuoshea magari; nyingine ina maji matupu. Chovya kitambaa katika sabuni, osha sehemu ndogo, kisuuze katika ndoo ya maji matupu, ukikamue, ndipo ukirudishe kwenye sabuni. Anza paa, shuka vioo, boneti na milango, umalizie chini karibu na magurudumu ambako ndiko kwenye mchanga mwingi. Magurudumu yawe na kitambaa chao peke yao, tena kisichanganywe kamwe na kile cha rangi. Kitambaa kikianguka chini, kiweke kando, chukua kingine.

Kuhusu kitambaa, siku hizi vyapatikana hata Kampala mitaani vile vitambaa vya nyuzi ndogo sana vilivyo laini kama manyoya, na hakika hivyo ndivyo bora kupita vyote. Asiye navyo atumie fulana kuukuu za pamba, au zile napi za pamba za watoto waliokwisha kukua. Lakini kata kwanza mshono wa pembeni, vifungo na lebo, kwa kuwa uzi wa mshono ni mgumu. Kanga kuukuu yafaa kwa vioo, haifai kwa rangi. Kitambaa chake ni chembamba, hakina pa kulificha vumbi.

Gari likisha kuoshwa na kukaushwa kwa taulo, kwa kulilaza na kulivuta polepole bila kukandamiza, tia mkono ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni, ule tuuitao kavera, uupitishe mkono juu ya rangi. Utashangaa. Mahali ulipodhani ni laini patakuwa na vipele vipele. Hayo ni mabaki ya lami, vumbi la chuma la breki na utomvu wa miti, vitu vilivyoshika hata sabuni haivitoi. Kuna udongo maalumu wa kusafishia rangi, mlaini kama ule wa kufinyangia watoto, ambao hupitishwa juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni nao hung'oa vipele hivyo. Ukianguka chini, utupe. Usipoondoa vipele, utavizungusha chini ya kitambaa cha polishi na kutengeneza utando mpya huku ukiondoa ule wa kwanza.

Hapa nataka kusema neno juu ya polishi na nta, maana watu wengi, hata wenye maduka, huvichanganya. Askari atanielewa upesi. Katika sanduku lake anavyo vitu viwili vya kung'arisha: Brasso ya bizimu ya mkanda na Kiwi ya viatu. Vyote viwili huleta mng'ao, lakini kazi zao ni kinyume. Brasso ina chembe ndogo za kusaga. Hula ngozi nyembamba ya shaba iliyochakaa, na ule weusi uuonao kitambaani ni shaba iliyoondoka. Kiwi haili kitu. Ni nta inayojaza vinyweleo vya ngozi na kujipanga safu juu ya safu mpaka kiatu kinakuwa kioo. Basi polishi ya gari ni ndugu wa Brasso: hupunguza. Nta ya gari ni ndugu wa Kiwi: huongeza. Mikwaruzo huondolewa kwa polishi peke yake, kwa sababu kuondoa mkwaruzo ni kushusha kingo zake mpaka zilingane na shina lake. Nta huufunika tu, na baada ya mvua kadhaa mkwaruzo hurejea kama ulivyokuwa. Anayekuuzia kopo la nta akakuapia kwamba linaondoa mikwaruzo, ama hajui auzacho, ama anajua sana.

Polishi nazo ziko za chembe kubwa, mafundi huziita kompaundi, na ziko za chembe ndogo. Sheria ni kuanza na iliyo nyepesi kabisa. Jaribu mahali padogo. Ikiwa utando umepungua vya kutosha, endelea na hiyo hiyo gari zima. Ikiwa haukupungua, ndipo upande ngazi moja. Mafundi wengi hufanya kinyume, huanza na kompaundi kali kwa kuwa yaharakisha kazi, na gari huondoka na ukungu mweupe ambao hufichwa kwa nta mpaka mwenyewe amekwisha kulipa.

Kwa mkono, kazi huwa hivi. Chagua mraba wa sentimita 50 kwa 50. Tia matone matatu au manne ya polishi, kiasi cha punje ya haragwe kila moja, juu ya sifongo laini maalumu au kitambaa kilichokunjwa. Paka kwanza bila kukandamiza, ili ienee. Kisha sugua kwa nguvu ya kadiri, mistari iliyonyooka inayopandana, kwanza kwenda na kurudi, halafu kwa kukatisha, mpaka polishi iwe nyembamba karibu ya kupotea. Ipanguse kwa kitambaa safi. Washa tochi, uishike kando usawa wa jicho, uangalie. Askari ana tochi. Asiye nayo atumie taa ya simu. Pakiwa bado, rudia mara moja. Pakiwa pamefaa, acha, nenda mraba mwingine. Usitafute ukamilifu. Mkwaruzo mmoja mmoja uliozama uachwe ulivyo. Ni afadhali ubaki nao kuliko kuila vanishi yote kwa ajili yake. Boneti peke yake yaweza kuchukua asubuhi nzima, na mikono itauma. Mama wa barua anao mwezi mmoja, na watoto wawili wakubwa kidogo. Jumamosi nne zatosha.

Wala usifanye kazi hii juani. Boneti nyeusi iliyokaa juani saa sita mchana huunguza kiganja, na polishi hukaukia hapo hapo kama uji sufuriani.

Sasa tumjie yule kijana wa mashine. Sisemi mashine ni mbaya. Zipo za aina mbili. Moja huzungusha sifongo kwa mhimili mmoja tu, kama pangaboi. Ina nguvu, hukata upesi, lakini hukusanya joto mahali pamoja. Nyingine huzunguka huku ikiyumba, hivyo joto hutawanyika, na hata mwanafunzi hawezi kuharibu upesi. Aghalabu mahali pa kuoshea magari ina ile ya kwanza, mkononi mwa mtu ambaye hakufundishwa. Jirani yangu mmoja, koplo mstaafu anayeendesha gari la kukodisha, alilipeleka gari lake kusuguliwa hivyo. Lilirudi likimeremeta kweli. Baada ya majuma mawili tukaona, kwenye ukingo wa boneti na juu ya mstari wa mlango, michirizi meupe: pale vanishi na rangi vilikuwa vimeliwa vyote mpaka rangi ya msingi. Kwenye kingo na mikunjo ya bati rangi huwa nyembamba kuliko mahali patambarare, na hapo ndipo mashine hukandamiza zaidi. Ililazimu milango miwili na boneti vipuliziwe rangi, na muda wote huo gari halikumletea kitu.

Kwa hiyo anayetaka mashine aulize maswali matatu kabla ya kutoa ufunguo. Ni mashine ya aina gani? Utaanza na polishi gani, kali au nyepesi? Je, kingo na mikunjo utaifunika kwa utepe wa karatasi? Kijana akijibu sawasawa, mwachie mlango mmoja kwanza, kisha utazame juani. Akicheka maswali, mshukuru na uondoke. Na ahadi ya saa moja kwa gari zima isisadikiwe, kwa maana katika saa hiyo hata kuosha na kung'oa vipele hakujaisha.

Polishi ikimalizika, rangi iko uchi. Hapo ndipo pa kutia nta. Nta isifiwayo tangu zamani ni ile ya karnauba, itokayo kwenye majani ya mnazi mwitu uotao kaskazini mashariki ya Brazili, hasa katika majimbo ya Ceará na Piauí. Mti ule hujipaka nta majani yake usikauke wakati wa kiangazi. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 80 na zaidi, ilhali nta ya nyuki wetu huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Wako watu wa West Nile, ambako asali ni nyingi, walioniuliza kama nta ya nyuki peke yake yafaa kwa gari. Haifai: kwenye bati la moto hulainika, na vumbi lote la barabara hunata humo. Iacheni kwa mishumaa na kwa uzi wa kushonea viatu.

Nta ipakwe nyembamba sana. Wingi hauongezi kinga, huongeza taabu ya kupangusa. Iachwe mpaka iwe ukungu, upitishe kidole. Ukungu ukitoka wote na rangi ikabaki safi, pangusa gari zima. Katika jua na mvua zetu itadumu miezi miwili hivi, pengine pungufu. Utajua imekwisha pale ambapo maji ya mvua hayasimami tena kwa matone bali hulala kama shuka. Sabuni ya unga na sabuni ya vyombo huiondoa kwa siku moja, hiyo ndiyo kazi yake, kung'oa mafuta. Siku hizi zinauzwa pia dawa za seramiki ambazo hukaa mwaka na zaidi. Ni nzuri, ila ni ghali, na mikwaruzo isipoondolewa kwanza itafungiwa chini yake.

Nimeulizwa pia juu ya dawa ya meno. Ina chembe za kusaga, kwa hiyo ni polishi dhaifu. Kwa mkwaruzo mdogo karibu na kitasa itasaidia, lakini chembe zake zilipimwa kwa meno, si kwa vanishi, na gari zima haiwezi. Dizeli, ambayo wengine hupaka ili gari ling'ae, ni hasara tupu. Hung'aa saa chache, huvuta vumbi, na hufurisha mipira ya milango. Kinyesi cha korongo marabou, ambao Kampala wametujalia wingi wao, kisisuguliwe kikiwa kikavu. Laza juu yake kitambaa chenye maji dakika 10 kilainike, kisha ukiinue. Kikiachwa juani siku mbili tatu huila vanishi. Utomvu wa fenesi utolewe kama tuutoavyo kisuni na mikononi, kwa mafuta ya kupikia kidogo, halafu sabuni.

Mwenye gari la zamani, la kabla ya mtindo huu wa vanishi, ajaribu kwanza kwa kitambaa cheupe mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, jua hapana vanishi na unaisugua rangi yenyewe. Si kosa, magari hayo husuguliwa hivyo. Ila awe na kiasi maradufu. Na gari lililopuliziwa rangi hivi karibuni lisitiwe nta kabla ya mwezi mmoja au zaidi; mpaka rangi atakuambia ni lini, kwa kuwa rangi mpya bado yatoa mvuke wake.

Limebaki jambo la magari ya kazini, kwa sababu najua ukaguzi ukikaribia kuna dereva atakayetaka kumfurahisha afande kwa polishi iliyobaki nyumbani. Gari la jeshi lenye rangi ya kijani isiyong'aa halipakwi polishi wala nta. Rangi ile imefanywa kwa makusudi isirudishe mwanga, ili gari lisionekane kwa mbali likimeta. Ukisugua, unalainisha uso wake uliotengenezwa wenye chuya chuya, na baka linalong'aa litabaki hapo mpaka lipakwe rangi upya. Hakuna dawa ya kulirudisha lilivyokuwa. Maji mengi, sabuni laini na kitambaa safi, basi. Madereva wa polisi nao, magari yao yang'aayo yaweza kusuguliwa na kutiwa nta kama ya raia, bali maandishi na michirizi iakisiyo mwanga usiku izungukwe, isipitiwe juu. Ukingo wa utepe ule ukisha kuinuliwa na kitambaa, maji huingia chini yake na kuubandua herufi moja moja.